Mstari Mmoja Kwenye C: Tathmini ya Kipimo cha Kujipima VVU, Kilivyo Mikononi mwa Wanachuo

Nimekuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kwa miaka 11, na katika muda huo sijaona kifaa cha afya kilichoingia mabwenini kimyakimya kama kipimo cha kujipima VVU kwa majimaji ya fizi. Kinapita getini ndani ya mkoba wa vitabu, kinatumika juu ya kitanda cha dabodeka pazia likiwa limeshushwa, na mara nyingi mimi hukutana nacho kikiwa kimekwisha kutumika, kimeviringishwa kwenye mfuko mweusi chini ya ndoo ya taka. Tathmini hii naiandika baada ya kukitumia mwenyewe mara tatu, na baada ya kukaa pembeni ya wanafunzi waliokitumia mara nyingi zaidi ya hizo. Niseme mapema kwamba ninakikubali na ninakipendekeza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wanachuo wengi ninaoishi nao wanakiuliza habari za jana usiku, nacho kinawajibu habari za miezi mitatu iliyopita, na katika pengo hilo ndimo maambukizi yanamopita.

Ninachokizungumzia hapa ni OraQuick, cha kampuni ya Marekani iitwayo OraSure Technologies, ingawa sehemu kubwa ya nitakayoyasema inavihusu pia vipimo vingine vya kujipima, vikiwemo vile vya kutoboa kidole. Marekani iliruhusu kiuzwe dukani bila cheti cha daktari mwezi Julai 2012. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wajipime wenyewe mwezi Desemba 2016, na Julai 2017 likakiingiza kipimo hiki katika orodha ya vifaa vilivyothibitishwa ubora wake, kikiwa cha kwanza cha aina hiyo. Kenya ilianza kuvitumia vipimo vya kujipima mwaka huohuo. Tanzania tulisubiri kidogo, kwa kuwa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 haikuwa imetoa nafasi ya mtu kujipima, hadi Bunge lilipoirekebisha mwezi Novemba 2019, likaruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15.

Sisi tuliosoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikwenda vituo vya Angaza. Tulikaa kwenye benchi tukiomba asitokee mtu wa mtaani kwetu, tukaitwa kwa namba, tukatolewa damu, tukapewa ushauri nasaha kabla na baada ya majibu. Benchi lile liliwarudisha nyumbani wengi kabla hawajapimwa, na sijalisahau mpaka leo. Lakini mwisho wa benchi palikuwa na mtu aliyekutazama usoni na kukuuliza mara ya mwisho kukutana na mwenza bila kinga ilikuwa lini. Kipimo cha leo kimeliondoa benchi, na kimemwondoa pamoja na yule mtu. Kwa hiyo kazi yake yote ya kuuliza imebaki kwa kijana wa miaka 20 aliye peke yake chumbani, au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, aliye na mwenza wake chumbani huku taa ikisubiri kuzimwa.

Vipimo vyangu nilivinunua katika maduka matatu tofauti ya dawa, na udhaifu mwingi niliouona ulikuwa upande wa wauzaji. Duka la kwanza, hatua chache kutoka kituo cha daladala, liliniuzia pakiti peke yake bila boksi wala karatasi ya maelekezo, na kijana wa kaunta akanieleza kwamba maelekezo nitayakuta mtandaoni. Duka la pili lilivipanga kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la alasiri, ilhali kipimo hiki kinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 30, na kila aliyewahi kuishi Dar es Salaam mwezi wa Februari anajua chumba kisicho na kiyoyozi kinafika wapi saa nane mchana. Hilo la pili ndilo pia lililonitoza karibu mara mbili ya bei ya jirani yake. La tatu lilifanya kazi kama inavyotakiwa: mfamasia alikitoa mahali pa baridi, akanionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi, akafungua karatasi na kuweka kidole kwenye mchoro wa fizi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninatumia dawa zozote za VVU, za tiba au za kinga. Swali hilo ni la lazima, kwa sababu dawa hizo zinaweza kukifanya kipimo kionyeshe kwamba mtu hana VVU wakati anavyo, na ni duka moja tu kati ya matatu lililoliuliza. Vituo vya afya vya umma na waelimishaji rika hutoa vipimo hivi bure pale vinapokuwepo, na mwanafunzi anayesubiri fedha za Bodi ya Mikopo aanzie huko kabla ya kwenda kaunta.

Ndani ya boksi mna pakiti yenye vyumba viwili vinavyochanika. Chumba kimoja kina kichupa chenye majimaji kidogo. Kingine kina kijiti bapa chenye ncha laini upande mmoja na kidirisha upande wa pili, pamoja na kifuko kidogo cha kukausha unyevu ambacho hakiliwi. Unafungua kichupa kwanza na kukisimamisha kwenye kishikio chake bila kumwaga. Kisha unakitoa kijiti bila kuigusa ncha kwa vidole, unaipitisha kwenye fizi za juu mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, halafu fizi za chini vivyo hivyo, mara moja tu. Unakitumbukiza mpaka kiguse chini, unakiacha humo, na majimaji yenye rangi ya waridi yanaanza kupanda taratibu ndani ya kidirisha. Majibu yanasomwa baada ya dakika 20, na yasisomwe baada ya dakika 40. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na hakijaona dalili ya VVU. Mistari miwili, C na T, hata ule wa T ukiwa hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, maana yake nenda kituo cha afya ukapimwe zaidi. Pasipo mstari kwenye C, kipimo kimeharibika na hakina jibu lolote.

Kwa maandishi ni rahisi. Chumbani nimeona fizi zikisuguliwa kama kwa mswaki, nimeona mtu akipimwa huku bigijii imo mdomoni, na nimeona kijana aliyesukutua kwa dawa ya mdomo dakika tano kabla kwa sababu alitaka awe msafi mbele ya kipimo. Mtu asile wala kunywa kwa dakika 15 kabla ya kupima, na asipige mswaki wala kusukutua kwa dawa kwa dakika 30. Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni haraka. Mstari wa C huweza kutokea mapema, na macho ya mtu mwenye hofu yakishauona hayataki tena kusubiri. Wengi husoma dakika ya tano au ya saba, wanashusha pumzi, wanakitupa. Ule wa T, kama upo, unaweza kujitokeza wakati wao wameshaendelea na mambo mengine.

Swali ambalo nimeulizwa kuliko mengine yote ni hili: kama kipimo kinaona VVU kwenye mate, basi busu linaambukiza? La. Kipimo hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa, na askari hao huvuja kutoka kwenye damu hadi kwenye majimaji ya fizi. Mate hayaambukizi VVU. Na hapo ndipo ulipo mzizi wa udhaifu wa kipimo hiki, maana askari hawaandikishwi siku moja. Mtu aliyeambukizwa Jumamosi anaweza kujipima Jumatano, na Jumatano ijayo, na mwezi ujao, akaona mstari mmoja safi kwenye C kila mara. Kipimo hiki kinahitaji hadi miezi mitatu tangu tukio la hatari ndipo jibu lake la kutokuwa na VVU liaminike. Ubaya ni kwamba majuma ya mwanzo ya maambukizi, ambayo askari bado hawajaonekana, ndiyo ambayo virusi huwa vimejaa kwenye damu kwa wingi mno na mtu huambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Mstari mmoja kwenye C unaweza kumpata mtu katika siku zake za hatari kuliko zote.

Hilo lisimfanye mtu akidharau. Katika majaribio ambayo Marekani iliyategemea kukiidhinisha, ambako watu wa kawaida walijipima wenyewe, kipimo kilikosea kwa takriban mtu 1 kati ya 12 wenye VVU kwa kuwaonyesha kwamba hawana, na kwa wasio na VVU kilikosea kwa takriban mtu 1 kati ya 5,000. Kwa mtu asiye na VVU ni kipimo kisichosingizia hovyo. Kwa mwenye navyo kinaweza kupitiwa, ndiyo maana jibu lake halitoshi peke yake kwa mtu aliye katika hatari ya mara kwa mara, na ndiyo maana mistari miwili nayo haitoshi kumwandikia mtu kwamba anaishi na VVU mpaka kituo cha afya kimpime tena kwa vipimo vya damu vya aina zaidi ya moja.

Sasa nieleze kinavyotumika chuoni, kwa kuwa ubora wa kifaa hauwezi kutenganishwa na mikono inayokishika. Mazingira ya hatari kwa wanachuo wetu ninayajua kwa kuyaona. Kuna mwaka wa kwanza, ambapo binti au kijana aliyetoka shule ya bweni yenye kengele na viranja anajikuta ana chumba, simu, na jioni isiyo na mtu wa kumuuliza yuko wapi. Kuna wiki ambayo fedha za kujikimu, wenyewe wanaziita bumu, zinaingia, na pombe inanywewa kwa siku mbili mfululizo na maamuzi yanafanywa katika siku hizohizo. Kuna wiki ambazo bumu limechelewa na mtu mzima mwenye gari, mubaba kwa lugha yao, analipa kodi ya geto, na anayelipa ndiye anayeamua kama kondomu itavaliwa. Kuna uhusiano unaopishana bila kutangazwa, kijana mmoja akiwa na mpenzi chuoni na mwingine nyumbani, na huyo wa nyumbani naye ana wake. Na kuna jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko hayo yote, kwa sababu linawapata hata watulivu: kondomu inatumika majuma matatu ya kwanza, kisha mmoja anauliza, "Kwani bado huniamini?"

Hapo ndipo kipimo kinapoingia. Zamani jibu la swali hilo lilikuwa kuacha kondomu kwa imani tupu. Sasa wanasema, "Tupime kwanza," na kwa hakika hiyo ni hatua mbele ambayo sitaki kuibeza, kwa maana katika uhusiano wetu wa enzi zile hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo. Tatizo ni kwamba wanapima leo na kondomu inaachwa leo. Wawili hao, wakisoma vizuri kabisa kwa dakika zote 20, wanachokuwa nacho mkononi ni picha ya miezi mitatu nyuma, wakati hawajajuana, na kila mmoja ana mwenza wa kati ambaye hajatajwa. Kipimo kinafaa sana kama mwanzo wa miezi mitatu ya kutumia kondomu inayomalizika kwa kipimo cha pili, kila mmoja akiwa mwaminifu katikati. Kwa sababu hiyo nawashauri wanunue maboksi mawili kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayenunua moja kwa kawaida hanunui la pili.

Ijumaa moja, siku mbili baada ya bumu kuingia, binti wa mwaka wa pili aligonga mlango wangu saa nne usiku. Aliniamkia kwa sauti isiyokuwa yake, nikaitikia, nikamketisha. Akafungua mfuko wa nailoni na kuuweka juu ya meza yangu. Ndani yake kulikuwa na vijiti viwili, vyote vimelowa, vimelaliana.

"Tulipima saa moja na nusu, mama," alisema. "Vyote vilikuwa na mstari mmoja."

"Mlisoma baada ya dakika ngapi, mwanangu?"

Hakujibu. Aliinua kijiti kimoja akakisogeza karibu na taa ya mezani, nami nikainama. Kando ya T kulikuwa na ukungu wa rangi ya waridi, mwembamba kama nywele, ambao ukikitazama kwa kukiinamisha unauona na ukikinyoosha unapotea. Nikamuuliza hicho ni cha nani. Akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu, akaanza kulia, kwa sababu walivitupa pamoja kwenye mfuko mmoja na hakuna aliyeweka alama.

Vilikuwa vimepita karibu saa mbili na nusu tangu vitumbukizwe, kwa hiyo hapakuwa na jibu la kusoma kwenye kijiti chochote kati ya viwili vile. Mstari unaotokea baada ya muda wake hauthibitishi wala haukanushi kitu. Kilichokuwa na maana usiku ule ni saa. Nikamuuliza walikutana saa ngapi, na kama walitumia kinga. Hawakutumia. Nikamuuliza kama anajua habari ya saa 72, akajibu haraka, hata kabla sijamaliza, kwamba amekwisha kumeza P2.

Jibu hilo limenirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Binti yule, kama wenzake wengi, aliijua saa 72 kwa ajili ya mimba. Angeweza kukutajia duka linalofungwa usiku wa manane na bei ya kidonge. Hakujua kwamba kwa VVU pia kuna dawa za kinga baada ya tukio, ambazo watoa huduma huziita PEP, ambazo nazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida, kisha zinamezwa kila siku kwa siku 28. Mabwenini mimba inaogopwa kuliko VVU, na sababu yake naielewa: mimba inaonekana, inamfikia mama kijijini, inasimamisha masomo. VVU vinanyamaza. Lakini karatasi ya maelekezo ya kipimo inasomwa na mtu ambaye mara nyingi amekutana na mwenza bila kinga ndani ya siku chache zilizopita, na huyo ndiye mtu anayepaswa kuambiwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwamba asisubiri kipimo cha mate kimweleze, aende akapate PEP. Laiti ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye maboksi yote ya vipimo hivi, ya kampuni yoyote, ningeandika sentensi hiyo juu ya kifuniko.

Tuliondoka usiku uleule. Kituo cha kwanza tulichokwenda sikitaji, lakini nitaeleza kilichotokea kwa sababu kinahusu moja kwa moja thamani ya kujipima. Mpokeaji, akiwa nyuma ya kioo chenye tundu dogo, aliuliza kwa sauti ambayo watu saba waliokuwa kwenye viti waliisikia, "Anahitaji PEP ya nini? Amebakwa?" Na nilipojibu kwa upole kwamba hapana, akasema basi aje Jumatatu kliniki ikifunguliwa. Jumatatu asubuhi ilikuwa bado ndani ya saa 72, ila saa nyingi za thamani zingekuwa zimepotea, na binti alikuwa tayari ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Tulipata huduma kituo cha pili, kwa daktari kijana aliyezungumza naye kama mtu na mdogo wake, akampima kwa damu, akamweleza dawa na maudhi yake madogo madogo, akampangia tarehe za kurudi. Akaondoka na dawa za siku 28. Mwenzake alifika asubuhi akapimwa naye. Majibu yake ni yake.

Nimelieleza hilo kwa sababu watu hukisifu kipimo cha nyumbani kwa usiri wake, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini usiri huo unaishia kwenye mlango wa chumba. Mistari miwili ikitokea, mtu huyohuyo aliyejificha kwa sababu anaogopa kaunta anatumwa kwenye kaunta. Kipimo ni kizuri kwa kadiri ya mlango kinaokupeleka. Chuo kinachogawa vipimo bila kumpa mwanafunzi jina la muuguzi mmoja anayemngoja kimefanya nusu ya kazi. Na iwapo majibu ya mwisho yatakuwa kwamba anaishi na VVU, anapaswa kulisikia siku hiyohiyo jambo ambalo vijana wengi bado hawajaambiwa: akianza dawa mapema na kuzimeza bila kuruka, na virusi vikafubazwa hadi visionekane kwenye kipimo cha damu, hatamwambukiza mwenza wake kwa ngono. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi cha asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi, asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume. Ulionyesha pia kwamba karibu watu wazima 83 kati ya 100 wanaoishi na VVU wanajua hali yao, na kwamba karibu wote wanaojua wapo kwenye dawa. Hatari ya mwanachuo haiko sana kwa mwenzake anayemeza dawa zake kwa utulivu. Iko zaidi kwa yule asiyejua, au aliyejua zamani na hajarudia.

Lipo pia suala la nguvu. Nimeletewa malalamiko ya mabinti waliolazimishwa kupima mbele ya mpenzi, na mmoja aliyepigwa picha kijiti chake kikasambazwa kwenye kundi la WhatsApp, japo kilikuwa na mstari mmoja. Sheria ya 2008 inataka kupima VVU kuwe kwa hiari na majibu kuwa siri ya aliyepima. Kuruhusiwa kujipima hakujampa mpenzi, mwenye nyumba wala mwajiri haki ya kumpima mtu. Kifaa kikiwa chepesi kiasi cha kuingia mfukoni, kinaingia pia mfukoni mwa mwenye wivu.

Kwa ufupi tu nitaje mengine. Kipimo hiki hakioni kaswende, kisonono, klamidia wala homa ya ini aina ya B, na mtu mwenye mstari mmoja kwenye C anaweza kuwa na yoyote kati ya hayo. Hakimfai anayetumia dawa za kufubaza VVU, na anayemeza PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla ya tukio, asikitegemee peke yake kufuatilia hali yake. Hao wapimwe kliniki. Wenye hatari ya mara kwa mara, kama wenye wenza wengi au ambao hawana sauti kwenye matumizi ya kondomu, watanufaika zaidi kwa kuulizia hiyo PrEP kuliko kwa kununua kipimo kila mwezi na kuishi kwa mapigo ya moyo ya dakika 20.

Binti yule alirudi kliniki kwa tarehe zote alizopangiwa, na wakati mwaka mpya wa masomo ulipoanza aliniomba nafasi ya kuzungumza na wa mwaka wa kwanza ukumbini. Hakuwasimulia yaliyompata. Aliweka maboksi mawili juu ya meza, akafungua la kwanza, na kabla hajagusa kichupa alitoa kalamu ya wino mzito akaandika jina kwenye kishikio cha kijiti, akasema hiyo ndiyo hatua ya kwanza hata kama karatasi haikuiandika. Akaweka kengele ya simu dakika 20 mbele, akaigeuza simu kifudifudi ili mtu asichungulie. Juu ya boksi la pili, ambalo hakulifungua, aliandika tarehe ya miezi mitatu kuanzia siku ile. Kisha akachukua kutoka kwenye mkoba wake pakiti za kondomu, akazipanga katikati ya boksi na boksi, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika, na kijana mmoja wa safu ya mbele akainua mkono kuuliza kama zitatosha.